Mtu akiacha pombe au bangi, kwa nini ndoto zinakuja kwa fujo hivyo?

MkeshaHoi aliuliza:

Wakuu, naomba wenye ujuzi wa usingizi na dawa wanifafanulie. Mtu aliyezoea kunywa kila jioni, au kuvuta bangi kabla ya kulala, akikata ghafla huanza kuota ndoto ndefu na za wazi mno. Nyingi ni za kutisha, na katika nyingine anajiona amerudia kunywa. Mitaani kila mtu ana jibu lake: sumu inatoka, akili imeguswa, amerogwa.

Ningependa kujua hasa kinachotokea ubongoni, hali hiyo hudumu muda gani kwa kila aina ya kilevi au dawa, na ni dalili zipi zikionekana mtu asisubiri bali akimbizwe hospitali. Na kama kuna la kufanya usiku wenyewe, semeni. Tafadhali msinijibu "kunywa maji mengi na uwe na subira".

---

SaaTisaUsiku:

Sumu haihusiki. Tuanze na usiku wa mtu asiyetumia kitu.

Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, minne au mitano kwa usiku. Mizunguko ya mwanzo imejaa usingizi mzito, ule ambao ukimwamsha mtu anakukodolea macho bila kujua yuko wapi. Usingizi wa REM, ambamo macho huchezacheza chini ya kope na ndoto huwa ndefu zenye kisa, huchukua dakika chache tu kwenye mzunguko wa kwanza, kisha hurefuka kila mzunguko hadi alfajiri. Kwa jumla ni kama asilimia 20 hadi 25 ya usiku, na sehemu kubwa yake iko saa za mwisho. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman ndio walioueleza mwaka 1953 huko Chicago.

Mwaka 1960 William Dement alichapisha jaribio ambalo ndilo jibu la nusu ya swali lako. Aliwaamsha watu kila walipoanza REM. Kadiri usiku ulivyosonga ikabidi awaamshe mara nyingi zaidi, kwa sababu ubongo ulizidi kuitafuta REM. Alipowaacha walale bila kuguswa, wakapata REM nyingi kuliko kawaida yao. Ubongo hutunza daftari la deni: ukinyimwa REM leo, kesho inadai.

Pombe hufanya kazi ile ile ya Dement, ila kwa kemikali. Inakulaza haraka, inaongeza usingizi mzito nusu ya kwanza ya usiku na inaisukuma REM mbele. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe, na mwili huchoma kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo bia tatu zilizonywewa kati ya saa mbili na saa nne usiku zinaisha mwilini kati ya saa nane usiku na saa kumi na nusu alfajiri. Hapo kifuniko kinafunguka. REM iliyozuiwa inaingia, moyo unadunda haraka, jasho linatoka, na mtu anaamka saa tisa usiku akiwa ametoka kukimbizwa na kitu. Hiyo ni kwa aliyekunywa usiku mmoja tu. Aliyekunywa miaka, kifuniko kimekaa muda wote huo.

Kuna jambo la pili linalosahauliwa. Pombe hutia nguvu GABA, kemikali ya kutuliza, na kuibana glutamati, kemikali ya kuchangamsha. Ubongo haukubali kulala kifudifudi kila siku, kwa hiyo hupunguza usikivu wake kwa GABA na kuongeza vipokezi (sehemu za seli zinazopokea kemikali) vya glutamati ili mambo yalingane. Ukiitoa pombe ghafla, marekebisho yale yanabaki peke yake: breki dhaifu, mafuta mengi. Ndiyo maana usingizi wa siku za mwanzo ni mwepesi, wa vipande vipande, na mtu anashtuka kwa sauti ya mlango.

Bangi inafanana kwa umbo. Kwa mvutaji wa kila siku vipokezi vinavyoipokea hupungua ubongoni, na picha za ubongo zimeonyesha vikirudi karibu na kawaida baada ya wiki nne hivi za kuacha.

---

MfamasiaZamu:

Nakubaliana na mkuu hapo juu. Naongeza upande wa muda, maana kila kitu kina kalenda yake.

Bangi: usumbufu huanza ndani ya siku moja hadi tatu na kilele huwa wiki ya kwanza. Hasira, kukosa hamu ya kula na jasho hupungua ndani ya wiki mbili au tatu. Ndoto ndizo hung'ang'ania. Kwa baadhi ya watu huvuka hata siku 45. Arosto ya bangi imo rasmi kwenye mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani tangu toleo la mwaka 2013, na ndoto za kusumbua zimetajwa humo humo. Kwa hiyo anayesema bangi haina arosto amepitwa.

Pombe: mtikisiko mkali ni siku chache za kwanza (wa hatari nawaachia wengine waueleze), usingizi mbovu wiki mbili tatu, na kwa mnywaji wa miaka mingi usingizi unaweza kuyumba kwa miezi. Huyu asiambiwe "ukimaliza wiki utakuwa sawa", kwa sababu wiki ikiisha bila nafuu anarudi kwenye chupa.

Dawa za sonona: karibu zote huzuia REM, kwa sababu seli za serotonini na noradrenalini kwenye shina la ubongo lazima zinyamaze ili REM ianze, na dawa hizi huziacha kemikali hizo zikiwa nyingi. Amitriptilini inazuia sana. Zile za kundi la fluoksetini na paroksetini pia. Tofauti kubwa ni kasi ya kutoka mwilini. Paroksetini nusu yake hutoka ndani ya siku moja hivi, ndiyo maana mtu akiruka dozi mbili tatu anaanza kizunguzungu, "shoti" kichwani na ndoto za ajabu. Fluoksetini na zao lake hukaa wiki kadhaa, inajishusha yenyewe.

Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu: wanapunguza dozi kwa vipande sawa. Kiasi cha vipokezi vinavyoshikwa na dawa hakishuki sambamba na miligramu. Kutoka 20 hadi 10 ubongo unaweza usihisi sana; kutoka 5 hadi sifuri ndiko kwenye kishindo. Vipande vya mwisho ndivyo vinavyotakiwa kuwa vidogo kabisa, hata ikibidi kutumia dawa ya maji inayopimika kwa sindano isiyo na ncha. Na hilo hufanywa na aliyekuandikia dawa, si peke yako.

Diazepamu na ndugu zake (dawa za kutuliza na za usingizi): hizi huminya zaidi usingizi mzito, REM kidogo. Aliyezitumia kila siku kwa zaidi ya mwezi asizikate ghafla, anaweza kupata degedege. Kiwango cha kawaida cha kushusha ni asilimia 5 hadi 10 ya dozi ya wakati huo kila wiki mbili hadi nne. Ndoto zikija kwa nguvu baada ya kushusha, unasimama kwenye hatua hiyo hadi zitulie. Usirudi juu isipokuwa daktari ameona sababu.

Halafu kuna dawa zinazoleta ndoto zikiwa ndani ya mwili, si zikitoka: propranololi, mefloquini ya malaria, varenikilini ya kuachia sigara, levodopa ya Parkinson (ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa), na efavirenzi ya virusi vya UKIMWI. Hii ya mwisho huelekezwa kumezwa usiku tumbo likiwa tupu, maana chakula chenye mafuta huipandisha kwenye damu na maruweruwe yanaongezeka. Mtu anayeacha pombe huku akitumia mojawapo ya hizi ana vyanzo viwili vya ndoto; asibebeshe pombe mzigo wote.

---

KitiChaMbele:

Ninapinga kidogo hilo "daftari la deni". Linasaidia kuelewa, lakini likichukuliwa kama lilivyo linapotosha.

Mosi, REM iliyorudi haitoshi kueleza kwa nini mtu *anakumbuka* ndoto. Kila mtu huota kila usiku, na ndoto nyingi hufutika kwa sababu mtu anapita kwenda hatua nyingine ya usingizi bila kuamka. Ndoto hushika pale unapoamka katikati yake au mara tu baada yake. Anayeacha pombe anaamka mara tano, sita, na kwa kuwa REM imejaa kila kona ya usiku, karibu kila akiamka anatokea ndani ya ndoto. Fujo hiyo ni ya kuamka kuliko ya kuota. Kwa hiyo ukipunguza kuamka, ndoto "zinapungua" hata kama REM iko vile vile.

Pili, mtu akiamini ni deni anaamua kulilipa kwa kulala hadi saa nne asubuhi. Saa hizo ndizo zenye REM nyingi kuliko zote. Anajiongezea ndoto na anajisogeza karibu na jinamizi, yaani kuzinduka huku mwili hausogei. Afanye kinyume: achague saa moja ya kuamka, tuseme saa kumi na mbili na nusu, na aishike siku saba za wiki hata kama alilala saa nane usiku. Usingizi wa mchana ukibidi usizidi dakika 20 na uwe kabla ya saa tisa alasiri. Kitandani aende akiwa anasinzia kweli. Akikaa macho kama dakika 20 bila usingizi (akadirie tu, saa ya ukutani igeuzwe) aondoke, akae kwenye mwanga hafifu afanye kitu cha kuchosha, arudi akisinzia. Utaratibu huu ulielezwa na Richard Bootzin mwaka 1972 na bado haujapata wa kuupiku kwa urahisi wake. Siku nne tano za kwanza usingizi unakuwa mbaya zaidi. Wengi huacha hapo hapo, kabla haujaanza kufanya kazi.

Kwa ndoto inayojirudia, kuna mazoezi ya kuiandika upya. Yana jina kubwa vitabuni lakini kazi yenyewe ni ndogo. Mchana, si kitandani, unaandika ndoto kwa sentensi chache. Usianze na ile mbaya kuliko zote. Chukua ya wastani. Kisha unabadilisha chochote utakacho: mwisho, mahali, sauti, mtu. Mabadiliko si lazima yawe ya kishujaa. Mlango uliokuwa umefungwa ukiwa wazi, inatosha. Halafu unaipitia ndoto *mpya* akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku, ukiona picha zake, si kusoma maneno. Ya zamani hurudii kuisoma. Kosa la kawaida ni mtu kukaa nusu saa akiichambua ndoto mbaya kutafuta maana yake, na hayo ni mazoezi ya kuiota tena. Barry Krakow na wenzake walichapisha jaribio la njia hii mwaka 2001 kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono, na ndoto mbaya zilipungua.

Na zile ndoto za kujiona umekunywa au umevuta: watu huamka na hatia kana kwamba wamevunja ahadi, wengine huonja ladha kabisa mdomoni. Si dalili ya kurudia. Peter Hajek na Michael Belcher walichunguza wavutaji sigara walioacha, mwaka 1991, wakakuta ndoto za kuvuta ziliambatana na kufaulu kuendelea kuacha, si kushindwa. Mwache mtu ajue hilo kabla haijamtokea, itampunguzia nusu ya hofu.

---

SaaTisaUsiku:

Napokea marekebisho ya KitiChaMbele, hasa hilo la kuamka. Niongeze la jinamizi, kwa kuwa ndilo linaloogopesha watu kuliko ndoto zenyewe.

Wakati wa REM misuli yote huzimwa isipokuwa ya macho, kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) na michache mingine. Michel Jouvet alilionyesha kwa paka miaka ya 1950 mwishoni. Mtu akizinduka kabla misuli haijaachiwa, anajikuta macho wazi, chumba anakiona, mwili hausogei, na mabaki ya ndoto yanamwagika ndani ya chumba halisi: kivuli mlangoni, uzito kifuani. Uzito huo una sababu. Kwenye REM pumzi huendeshwa na kiwambo, misuli ya mbavu imelegea, na ukijaribu kuvuta pumzi ndefu kwa makusudi haiji. Hewa inatosha, lakini hisia ni ya kukabwa.

Hudumu sekunde chache hadi dakika kadhaa. Usipigane na mwili mzima. Elekeza nguvu kwenye kitu kidogo, ncha ya kidole cha mguu au ulimi, au chezesha macho, na acha pumzi iende yenyewe. Kulala chali huchochea, kwa hiyo lala ubavu. Kukosa usingizi siku mbili na kulala kwa vipande huchochea zaidi. Likimjia mtu kila wiki pamoja na kusinzia mchana bila kujizuia, au magoti kulegea akicheka, hiyo ni habari nyingine na inataka daktari wa usingizi.

---

NesiWaKitandaSaba:

Nije kwenye swali la hatari, maana huko juu mmeligusa mkapita.

Ndoto mbaya haiui. Kinachoua ni kuidhania arosto kali ya pombe kuwa ni ndoto mbaya. Ratiba yake kwa mnywaji mzito ni hivi: kutetemeka, jasho na kichefuchefu saa 6 hadi 12 baada ya glasi ya mwisho, degedege inaweza kuja kati ya saa 6 na 48, maruweruwe huku akili bado timamu, hasa saa 12 hadi 24, na ule mchafuko kamili wa akili kati ya saa 48 na 96. Angalia pengo hilo. Mtu anaweza kuonekana amevuka siku ya kwanza na ya pili, jamaa wakalegeza uangalizi, kisha siku ya tatu usiku anaanza.

Kutofautisha si kugumu ukijua pa kuangalia. Aliyeota ndoto mbaya ukimwamsha na kumwashia taa, ndani ya dakika moja anajua jina lako, mahali alipo na kwamba ilikuwa ndoto. Aliyechafukiwa, taa haimsaidii. Anaongea na asiyeonekana, anatoa wadudu kwenye shuka, anakuita kwa jina la mwingine, hajui kama ni mchana au usiku. Mikono inatetemeka, mwili una moto, moyo unakwenda mbio, jasho linatiririka. Na hali inapanda na kushuka: dakika kumi yuko sawa, dakika kumi hayupo. Zile kumi za sawa ndizo zinazowadanganya ndugu. Huyu ni wa hospitali usiku huo huo. Huko atapewa dawa za kundi la diazepamu kwa vipimo, na thiamini (vitamini B1) kwa sindano kwa sababu ubongo wa mnywaji mara nyingi umeishiwa nayo.

Kati ya wanywaji wazito, nani asikate ghafla akiwa nyumbani? Anayelazimika kunywa asubuhi ili mikono itulie, aliyewahi kupata degedege au mchafuko alipoacha zamani, mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo au ini, mjamzito, na anayechanganya pombe na dawa za usingizi. Huyu aendelee na kiasi chake hadi aonane na mhudumu wa afya wapange namna ya kushusha. Najua kumwambia mlevi "usiache leo" kunawakera ndugu, lakini ndiyo kanuni. Tena arosto ya pombe huwa kali zaidi kila inaporudiwa, kwa hiyo kuacha kwa ghafla mara nane kwa mwaka si ushujaa.

Kuna kundi moja dogo: anayepiga ngumi, kuruka au kuanguka kitandani akifuata ndoto yake. Kwa huyo misuli haikuzimwa ipasavyo kwenye REM. Carlos Schenck na Mark Mahowald waliutambulisha ugonjwa huu mwaka 1986. Kuacha pombe huweza kuuchochea, kutumia baadhi ya dawa za sonona pia, na kwa mzee inaweza kuwa ishara ya mapema ya Parkinson. Kwa sasa godoro lishushwe chini, vitu vyenye ncha viondolewe, anayelala naye ahamie kitanda kingine, na miadi ya daktari ipangwe. Msimfunge kamba.

---

MkeshaHoi:

Nimeelewa vizuri mno, asanteni. Mawili yamebaki. Wengi wanaoacha bangi hukimbilia vidonge vya mafua vinavyosinzisha ili wapate usingizi, je, vinasaidia? Na anayeacha bangi pamoja na sigara, akabandika plasta ya nikotini, ndoto hazitazidi?

---

MfamasiaZamu:

Vidonge vya mafua vya kusinzisha, vile vyenye difenihidramini, vinalaza siku mbili tatu, kisha mwili unavizoea na usingizi hauji tena hata ukizidisha. Ukizidisha unapata kinywa kikavu, mkojo kugoma, moyo kwenda mbio, na dozi kubwa huleta kuchanganyikiwa kwa kweli, kwa wazee hata dozi ya kawaida. Pia vinaibana asetilikolini, kemikali inayoiwasha REM. Maana yake unafunika sufuria ile ile kwa mfuniko mwingine. Siviafiki.

Plasta ya nikotini inaongeza ndoto, hasa ya saa 24, kwa sababu dawa inaingia usiku kucha. Ibandue wakati wa kulala, ubandike mpya asubuhi. Ubaya wake ni hamu kali ya kwanza baada ya kuamka, kwa kuwa plasta mpya inachukua saa kadhaa kufika juu. Pengo hilo lizibe kwa tembe au bazoka ya nikotini ukiwa bado hujatoka kitandani.

Lakini jambo ambalo karibu hakuna anayeambiwa ni kahawa. Moshi wenyewe, si nikotini, huchochea kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini. Mvutaji anaimaliza kafeini haraka. Akiacha, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye kasi ya kawaida na kahawa ile ile inaweza kumpandishia kafeini kwenye damu hadi karibu mara mbili. Anatetemeka, hasinzii, anaamka saa tisa, anadhani ni arosto. Moshi wa bangi una tabia hiyo pia. Kwa hiyo siku unayoacha, gawa kahawa, chai ya rangi nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu kwa nusu, na cha mwisho kiwe kabla ya saa sita mchana. Nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kutoka, na kuna jaribio la mwaka 2013 ambapo miligramu 400 zilizonywewa muda wa saa sita kabla ya kulala zilikula zaidi ya saa moja ya usingizi.

Kimeng'enya hicho hicho huvunja klozapini na olanzapini (dawa za magonjwa ya akili) na teofilini (ya pumu). Anayetumia mojawapo amwambie daktari *kabla* ya kuacha kuvuta, ili dozi ipunguzwe na damu ipimwe, maana dawa iliyokuwa inatosha inaweza kugeuka kuwa nyingi kupita kiasi ndani ya wiki moja. Plasta hairekebishi hilo, haina moshi.